Madamu Aliyewavalisha Mashujaa

Picha ya shujaa ikiwekwa mbele yake, Madamu hakuanza na uso. Alianza na miguu. Aliinama, miwani ikateleza hadi ncha ya pua, akavitazama viatu vya yule mtu wa kuruka angani kama mama anayemnunulia mtoto viatu vya shule, halafu akauliza: "Huyu nakwenda wapi na kitu kama hii?"

Wateja wapya walicheka wakidhani anatania. Sisi tuliozoea kufanya kazi naye tuliweka makopo ya rangi chini, kwa sababu tulijua ukuta hautaguswa mpaka swali hilo lipate jibu.

Mimi ni mwandishi wa herufi. Natoka upande wa Bungoma, Kenya. Nilivuka mpaka nikiwa kijana kufuata kazi ya kupaka rangi bodi za malori, nikapanga chumba Namakwekwe hapa Mbale, Uganda, na mpaka leo sijapata sababu ya kurudi. Madamu alikaa Mafubira, nje kidogo ya mji wa Jinja. Alikuwa amefundisha sanaa shuleni karibu maisha yake yote, na alipostaafu akaanza kuchora kuta za shule za chekechea na wodi za watoto. Jina lake nililijua lakini sikuwahi kulitumia, wala sikuwahi kumsikia mtu akilitumia mbele yake.

Kazi yetu kubwa ilikuwa mashujaa. Pita kwenye shule yoyote ya watoto wadogo kati ya Jinja na Mbale, utawaona ukutani karibu na alfabeti na picha za matunda. Mwenye shule huja na mkoba wa mwanawe mkononi. Mkoba umechorwa jitu lenye misuli, barakoa usoni, joho linapepea mgongoni, suti imembana kama ganda la kitunguu. "Nataka huyu," anasema. Wachoraji wengi hunakili, wakalipwa, wakaenda zao. Madamu aliwavua wale mashujaa akawavalisha upya.

Tulikutana kwenye zahanati moja ya Mafubira. Alihitaji mtu wa kuandika maneno juu ya mlango, na dereva mmoja wa lori akamtajia jina langu. Nilipomaliza kuandika, nikatoa simu nimwonyeshe mashujaa niliowahi kuchora nyuma ya malori, nikitumaini atanipa na sehemu ya ukuta. Alitazama picha zote bila haraka. Kisha akanirudishia simu.

"Herufi yako iko na adabu," akasema. "Watu yako hapana."

Basi nikabaki na herufi. Nafikiri nilifaidika, maana herufi huisha mapema, na mtu aliyemaliza mapema hupata nafasi ya kukaa juu ya kopo lililopinduliwa na kumtazama mwenzake akifanya kazi.

Shujaa wake wa kwanza niliyemwona akitokea ukutani alikuwa mtu wa mbio. Mteja alitaka mtu anayekimbia kuliko upepo, na mkobani mtu huyo alikuwa na suti nyekundu tupu. Madamu akamvalisha jaketi zito nyuma mbele, zipu ikiwa mgongoni, kama wanavyovaa waendesha boda wetu asubuhi za baridi ili upepo usiwapige kifuani. "Mtu ya mbio shida yake ni upepo," alisema. Kesho yake watoto walipoingia, kijana mmoja mdogo akasimama mbele ya ukuta na kumwita mwenzake aje amwone baba yake. Madamu alijifanya hajasikia, lakini siku hiyo alichora akiimba nyimbo za kanisani mpaka jioni.

Shujaa wa Mbale Madamu alimvisha gambuti. Mvua ikinyesha juu ya mlima Wanale, maji huteremka mjini na tope jekundu na magogo na kuku wa watu, na Madamu alisema mwokoaji akija Mbale na viatu laini, yeye ndiye atakayeokolewa kwanza. Suti nyeupe alizikataa kabisa. "Nani nafua hii?" aliuliza, na mteja aliposhindwa kujibu, nyeupe ikawa kahawia.

Lakini niliyempenda kuliko wote ni mwanamke wa gomesi. Gomesi ni lile vazi refu la akina mama wa huku, lenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni. Vijana wachoraji wa Jinja walimwambia mtu hawezi kupigana akiwa amevaa gomesi. Madamu alichukia. Alisema amewaona wanawake wakikimbia vita wakiwa ndani ya gomesi, godoro kichwani, mtoto mgongoni, na hakumwona hata mmoja aliyesimama njiani kubadilisha nguo. Akaenda nyumbani, akakaa na lile vazi siku kadhaa, akilifunga na kulifungua mbele ya kioo. Aliporudi alikuwa amepata jibu, nalo lilikuwa mshipi. Shujaa wake aliufungua mshipi ukawa kamba ya kumvuta mtu aliyezama mtoni. Aliufunga tena ukawa mbeleko. Alipoutandaza baina ya miti miwili ukawa machela ya kumbebea mgonjwa.

Alimchora kwenye ukuta wa wodi ya watoto, Jinja. Nilikuwa naandika majina ya vyumba siku hiyo, na nilimwona mama mmoja aliyekuwa akimwuguza mtoto wake. Alitazama ukuta muda mrefu. Kisha akashika ncha ya mshipi wake mwenyewe, akaanza kuupima urefu kwa mikono.

Mtu asidhani Madamu alichukia vya kigeni tu. Mwenye duka moja la watalii Jinja alimwita amchoree fulana za mashujaa aliosema ni wa Kiafrika kabisa: ngozi ya chui kiunoni, manyoya kichwani, mkuki, na joho la gome la mti. Madamu alisikiliza mpaka mwisho.

"Gome ya mti sisi nafunga nayo maiti," akasema. "Wewe nataka shujaa ama nataka kuzika mtu?"

"Madamu, ni sanaa tu. Wageni wanapenda."

"Mimi nimezaliwa hapa. Sijaona mtu amevaa chui kwenda soko."

Akakusanya penseli zake. Kazi ile ilikuwa nono na msimu ulikuwa mbaya, nikanung'unika njia nzima hadi Mafubira. Tulipofika alichemsha chai ya maziwa, akaisukuma mbele yangu. "Kasirika," akasema, "lakini kunywa."

Michoro yake iligeuka nguo za kweli kwa sababu ya Afande. Afande alikuwa askari magereza mstaafu, mtu wa Lira, mrefu wa kuinama mlangoni. Miaka yake ya mwisho kazini alisimamia karakana ya ushonaji gerezani, na sasa alikuwa na cherehani yake kwenye baraza la duka moja Malukhu, hapa Mbale. Shule zilipoanza kutaka mavazi ya mashujaa kwa matamasha ya mwisho wa muhula, nilimleta Madamu kwake nikiwa na wasiwasi. Madamu hakuwapenda watu wa sare. Akipita karibu na kituo cha polisi alihamia upande wa pili wa barabara, hata kama upande huo ndio wenye jua.

Afande aliikagua michoro mmoja mmoja. Akaweka kidole kwenye bega la gomesi.

"Madamu, hii bega itasimama namna gani?"

"Wewe ndio fundi."

"Mimi ndio fundi. Lakini wewe ndio umechora uongo. Hapa kitambaa itaanguka."

Madamu akaivuta karatasi, akaitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani kufuta macho. "Ni kweli," akasema. "Afande, ni kweli. Nimechora uongo." Akaomba penseli.

Kuanzia siku hiyo walikuwa wakigombana kama ndugu. Madamu alichora upya kwa sababu kitambaa kimekataa. Afande alifumua mshono kwa sababu mchoro umekataa. Madamu alipokuja Mbale alifikia kwa Afande kwanza, mimi baadaye.

Walizungumza Kiswahili kwa sababu hawakuwa na lugha nyingine ya kugombania. Kiswahili cha Madamu kilikuwa kifupi na kikavu, hakina subira na ngeli. Watu wengi wa rika lake Uganda hawakipendi. Kwao ni sauti ya mtu mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani. Nyumbani kwake hakikuzungumzwa. Marehemu mumewe alikipiga marufuku, na binti yao wa pekee alikua bila kukijua. Madamu alikipata kazini, kwenye shule iliyokuwa karibu na kambi ya jeshi, ambako watoto walitoka kila kona ya nchi na hawakuwa na lugha moja ila hiyo.

"Askari walileta hii lugha kupigia sisi kelele," aliniambia. "Mimi nikaichukua, nikafundisha nayo watoto yao kuchora maua." Akafikiri kidogo. "Sasa napigia wewe kelele nayo."

Alikuwa na vituko vyake. Alichelewa kila mahali, na mtu mwingine akichelewa alimhubiria. Aliwadhihaki mashujaa wa mikobani mchana kutwa, lakini Jumamosi alikwenda kwenye kibanda cha video, akakaa kiti cha mbele pamoja na vijana, akasikiliza msimulizi akitafsiri sinema kwa Kiganda juu ya milio ya risasi. Nilikwenda naye siku moja. Alizomea suti. Alizomea joho lililonaswa mlangoni. Shujaa alipokufa alilia kwa sauti, kijana mmoja akampa leso. Tulipotoka nilimkumbusha kwamba mchana huo huo alikuwa amewaita watu hao wajinga.

"Nguo ndio ya ujinga," akasema. "Roho ni sawa."

Joho, basi, alilitania tu. Barakoa ndiyo aliyoichukia, na kwa miaka sikujua kwa nini. Mashujaa wake wote walikuwa na uso wazi. Mteja akisisitiza, Madamu aliondoka. Siku moja tukila mihogo chini ya ukuta wa shule nilimwuliza, akanieleza huku akiendelea kula, kana kwamba anaeleza habari ya mtu mwingine.

Alikuwa mtoto, wakati wa utawala wa askari. Jioni moja watu walikuja kumchukua jirani yao, mwalimu. Walikuwa wamejifunga vitambaa usoni, na walizungumza Kiswahili. Mama yake aliwafunika watoto kwa mwili wake. Lakini mmoja wa wale watu alikohoa, na Madamu akakijua kikohozi. Kilikuwa cha mtu aliyekaa nyuma yao kanisani. Jirani hakurudi. Jumapili iliyofuata mtu yule alikaa palepale, akaimba, akawasalimia.

"Sasa mimi nachorea mtoto mtu mzuri," akasema, "halafu nafunika uso yake. Mtoto atajuaje?"

Alimaliza muhogo wake, akanawa mikono, akapanda juu ya jukwaa la kuchorea.

Kwa hiyo wakati wa tamasha la Malukhu nilijua kilichokuwa ndani ya ugomvi, na mkurugenzi wa shule hakujua. Ilikuwa shule ndogo, wazazi wengi wakiwa polisi na askari magereza, na mkurugenzi, bwana mmoja mpole aliyependa tai pana, alitaka watoto wote wa darasa la mwisho wawe mashujaa wenye barakoa. Alikuwa ameziona kwenye simu. Alisema zingependeza kwenye picha. Madamu akasema hapana. Mkurugenzi akasema mwenye shule ni yeye. Madamu akasema mwenye mikono ni yeye. Jambo hilo likaenda hivyo wiki nzima, mimi nikipeleka maneno na kuyapunguza makali njiani, mpaka siku ya tamasha ikakaribia na mkurugenzi akakubali, shingo upande, kwamba nyuso zitabaki wazi.

Siku ya kupima nguo, watoto walipanga foleni kwenye baraza la Afande. Wa gomesi alikuwa msichana mmoja aliyehamia Mbale mwaka huo, baba yake akiwa askari magereza aliyeletwa kutoka kaskazini. Walimu walimchagua kwa sauti yake. Akisema shairi, watu walisikia mpaka barabarani. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa na kovu la moto, kutoka sikioni hadi kidevuni, kwa sababu aliangukiwa na sufuria ya mafuta akiwa mdogo. Alizoea kuvuta mkono wa sweta hadi kwenye shavu na kuzungumza nyuma yake.

Alivaa gomesi. Ilimkaa vizuri, mabega yamesimama kama Afande alivyoahidi. Kisha akakataa kutoka nyuma ya pazia.

Mama yake aliingia, wakanong'ona, akatoka na aibu. "Madamu, nisamehe," alisema. "Anataka ya kufunika uso. Anasema bila hiyo hasimami mbele ya watu. Nimemwambia wewe hutaki."

Cherehani ikanyamaza. Afande alimtazama Madamu, nami nikamtazama. Nilijua ameshinda vita hivyo dhidi ya mkurugenzi siku chache tu zilizopita, na nilijua habari ya kile kikohozi.

Madamu aliingia nyuma ya pazia. Magoti yake yalikuwa mabaya, lakini alisikika akichuchumaa.

"Wewe nataka kufunika?"

Nadhani msichana alikubali kwa kichwa.

"Yote ama nusu?"

"Yote."

"Sawa. Rangi gani?"

"Njano."

"Njano iko," Madamu akasema.

Alitoka, akachagua kitambaa kwenye mabaki ya Afande, akaishona barakoa mwenyewe kwa mkono, polepole, maana hakuwa mshonaji. Kila baada ya mishono michache alimwita msichana ajaribu. "Naona vizuri? Napumua vizuri? Huku nakwaruza?" Akaweka kitambaa laini ndani, upande wa kovu. Hapo ndipo mkurugenzi akapita na kuiona. Akatabasamu kwa furaha.

"Kumbe barakoa zinaruhusiwa!"

Madamu hakuinua kichwa. "Hii ameomba yeye," akasema. "Ile yako ulitaka kuvalisha watoto wote."

Natamani kueleza kwamba msichana aliivua mbele ya watu siku ya tamasha, ukumbi ukapiga makofi. Hakuivua. Alisema maneno yake yote nyuma ya kitambaa cha njano, kwa ile sauti yake, akaufungua mshipi, akamvuta mwenzake kutoka mtoni. Baba yake, aliyekuja na sare kwa sababu alitoka zamu moja kwa moja, alisimama nyuma kabisa tangu mwanzo hadi mwisho, kofia mkononi. Msichana akaenda nyumbani na barakoa usoni, juu ya boda, katikati ya wazazi wake. Madamu aliwatazama mpaka walipokata kona.

Muhula uliofuata tulirudi Malukhu kurekebisha ukuta uliopigwa na mvua. Watoto walikuwa uwanjani, na yule msichana alikuwa kati yao akikimbia, sweta amelifunga kiunoni, uso wazi, akipiga kelele kuliko wote. Sijui ni tangu lini. Madamu alimwona. Hakumwita. Aliendelea kuchanganya rangi, ila alichanganya muda mrefu mno, akamimina njano mpaka kopo zima likaharibika. Nilikwenda dukani kununua lingine.

Hivyo ndivyo tulivyoendelea, mwaka baada ya mwaka, kati ya miji hii miwili. Kisha simu zake zikapungua, na mwishoni ikapigwa simu na mtu mwingine. Alikuwa binti yake, anayefanya kazi Kampala. Alizungumza Kiingereza, haraka, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Mama yake alikuwa amepata kiharusi. Alikuwa ametoka hospitali, yuko nyumbani Mafubira. Mkono wa kulia haufanyi kazi. Lakini kilichowashinda ni maneno. Kisoga, lugha yao ya nyumbani, kilikuwa kimepotea. Kiingereza, alichofundishia miaka yote, kimepotea. Kilichobaki ni Kiswahili, tena vipande vipande. Jirani mmoja mstaafu wa jeshi, anayekijua, alijaribu kusaidia, Madamu akamfukuza.

"Anasema 'Mkenya, Mkenya'," binti akaniambia. "Nadhani ni wewe."

Niliondoka asubuhi iliyofuata. Nilimkuta kitandani, amekuwa mdogo, uso umevutwa upande mmoja, macho ni yaleyale. Aliponiona alitoa sauti kama mtu aliyesubiri basi siku nzima.

"Kiti," akasema.

Binti alishusha pumzi. "Ni hilo hilo. Kila saa, kiti, kiti." Kwa masikio yao ya Kisoga neno hilo lilisikika kama kipande cha mti. Walikuwa wamemletea fimbo ya kutembelea, akaitupa. Wakamletea nyingine nzuri zaidi, akaitupa mbali zaidi. Mlangoni zilikuwa zimeegemezwa fimbo za kila namna, kama tuko dukani.

"Anataka kukaa," nikasema. "Kiti. Anataka kiti."

Binti alizitazama zile fimbo, akafunika mdomo. Tukatoa kiti cha mikono kibarazani, tukambeba pamoja, tukamkalisha kwenye jua. Madamu alifumba macho. Nilimwonyesha picha za ukuta mmoja tulioumaliza mimi na kijana mpya wa Jinja: shujaa wa mlimani, mwenye kamba begani. Alizitazama mpaka simu ikazimika. "Koti," akasema kwa shida. "Zito. Atachoka." Alisema kweli, mlima ule una jua kali. Nikaahidi tutampunguzia.

Binti alikuwa amesimama nyuma ya kiti muda wote, mikono imekunjwa. Nilipofikiri kazi yangu imekwisha, aliniita pembeni.

"Kuna neno moja zaidi," alisema. "Hili linanitesa. Analisema asubuhi na jioni, akinitazama mimi tu. Nisipojibu analia. Mekula. Kwetu hilo ni kukua. Nafikiri ananilaumu kwamba nilikua nikaenda zangu, nikamwacha peke yake hapa. Mwulize. Na akisema hivyo kweli, uniambie, usinifiche."

Nilirudi, nikachuchumaa mbele ya kiti. "Madamu," nikasema, "huyu mtoto unamwambia nini?"

Alinipita kwa macho, akamtazama binti yake. Alikusanya mdomo wake upande ule mzima.

"Mekula?"

Nikainuka, nikageuka.

"Anakuuliza kama umekula," nikamwambia binti.

Alikaa chini kwenye ngazi ya baraza, palepale alipokuwa.

"Kila siku?"

"Naona hivyo. Asubuhi na jioni."

Alijifuta uso kwa kiganja, akacheka, akajifuta tena. "Nimjibuje?"

"Umekula?"

"Tangu jana sijala kitu."

"Basi mwambie hivyo. Sijakula."

Alilijaribu neno kimoyomoyo, kisha akageuka. "Sijakula, Mama."

Mkono wa kushoto wa Madamu ukapiga mkono wa kiti. Akanigeukia mimi, amekasirika kabisa, kana kwamba ni mimi niliyemnyima mtoto wake chakula.

"Mkenya!" akasema. "Jikoni!"

Nikaenda kuwasha moto.